Niambie Ulimlaza Mama Wapi

Kenyi, mdogo wangu,

Simu yako inasema haipatikani, na imekuwa ikisema hivyo tangu kabla ya mvua kuanza. Kwa hiyo naandika. Nimeandika nakala tatu kwa mkono na nimempa Mama Furaha, yule mama wa Kikongo anayeuza vitenge karibu na chumba changu hapa Arua. Kila baada ya wiki mbili anavuka mpaka kwenda Ariwara, na anasema huko ndiko wachimbaji hushuka kununua sabuni na viatu vya mpira. Nakala moja ataibandika kwenye duka la dada yake, moja atampa dereva wa lori, na moja atakaa nayo mkobani. Sikutia barua ndani ya bahasha. Yeyote anayekujua na aisome, akusomee au akusimulie. Swali langu ni moja, na naliweka hapa juu usije ukachoka kabla hujalifikia: ulipomtoa Mama kaburini, ulimlaza wapi?

Wajomba wanakuja kumchukua. Wamesema Jumamosi ya kwanza baada ya simsim kuvunwa, na simsim sasa imeshaanza kukauka shambani. Wanataka kumrudisha kwao Logiri. Unajua vizuri kwamba mwanamke wa watu, hata akiolewa akakaa miaka arobaini, hazikwi wala hahamishwi bila ndugu zake kuitwa. Tulipomhamisha hatukuwaita. Sasa wanamtaka, na hakuna mtu kwetu Midia nzima anayeweza kuwaonyesha alipo. Wamekuja kuniuliza mimi, mtoto wake mkubwa, mwalimu wa watoto wa watu, na mimi sijui.

Utaguna ukisikia Kiswahili hiki. Tangu niliporudi kutoka chuo cha ualimu umekuwa ukinicheka: "Dada naongea kama redio." Haya, leo redio inaongea na wewe sikiliza.

Unakumbuka jinsi Mama alivyopima kila kitu kwa hatua? Hakuwa na kamba wala rula. Mstari wa muhogo, hatua moja na nusu. Karanga, nusu hatua. Kutoka mlango wa jiko hadi choo, hatua arobaini kamili, na alimfukuza fundi aliyetaka kuzipunguza. Alimwambia, "Ikipungua, harufu nakuja kula na sisi." Siku ya kwanza alipokupa mstari wako mwenyewe wa kupanda muhogo ulikuwa na miguu mifupi, ukapima kwa miguu hiyo hiyo, na mashina yakabanana. Nikataka kuyang'oa. Mama akanishika mkono akasema, "Acha. Hii ni hatua ya Kenyi." Muhogo wako ulitoka mwembamba kama vidole na tukaula hivyo hivyo, na Mama alisifia kila kipande. Nilikuonea wivu sana siku ile. Mistari yangu ilikuwa imenyooka na hakuna aliyesema neno.

Tulikuwa wawili tu. Baba alikufa wewe ukiwa bado mgongoni, kwa hiyo kila kitu unachokijua kuhusu kuwa mwanamume ulifundishwa na mwanamke yule na jembe lake. Mto wetu ulikuwa mdogo kiasi kwamba wageni waliuita mfereji, lakini ulituosha na kutulowekea muhogo, na wakati wa kiangazi ulibaki na madimbwi matatu yenye samaki wadogo ambao Mama aliwakaanga pamoja na vichwa. Ulikuwa unachimba mchangani na kusema unatafuta maji ya chini. Mama alikutania kwamba utatokea upande wa Kongo. Ulitokea huko kweli, ingawa kwa njia nyingine.

Alipokufa tulimzika nyumbani, hatua nane kutoka mlango wa jiko, kwenye shamba la karanga. Wajomba walikuja na lori kutoka Logiri. Walipewa mbuzi wao, wakala, wakanyamaza, na kila kitu kikaenda kama inavyotakiwa. Kisha Mjomba mkubwa akasimama ukingoni mwa kaburi, akaongea Kiswahili ili watu wa Baba na watu wake wote wasikie kitu kimoja. Alisema, "Sisi naacha dada yetu hapa kwa nyinyi. Iko salama hapa. Siku moja kama iko shida, ita sisi kwanza." Wewe ndiye uliyeitikia, "Ndiyo, Mjomba." Mimi nilikuwa nalia, siku zile nilikuwa bado naweza.

Ukakoroga saruji mwenyewe. Hukutaka fundi aguse. Ilipokuwa bado mbichi ukaweka kiganja chako kwenye kona ya chini, upande wa miguu yake, ukakibonyeza na kukiacha muda mrefu hadi nikakuambia mkono utaganda humo. Msalaba wa chuma tuliuchomelea Koboko mjini. Tukaandika juu yake: Adiru, mama wa Poni na Kenyi, kwa rangi nyeupe. Ulisema herufi ya mwisho imepinda. Ni kweli, imepinda mpaka leo.

Halafu dhahabu ikaja.

Sikuwepo mwanzoni, kwa hiyo nasema niliyoyakuta. Uliniambia alikuja mtu mmoja na karai, akaosha mchanga mtoni siku tatu, akaondoka bila kuaga. Baada ya wiki walikuja kumi. Nilipokuja likizo ya kwanza nilishuka kwenye boda nikadhani dereva amepotea njia. Turubai za bluu zilianza barabarani zikashuka hadi mtoni. Kulikuwa na watu wa Kongo, watu wa Sudani, watu kutoka mashariki ya Uganda wanaoongea lugha nisiyoijua, na katikati yao watu wetu wa Midia wamepaka matope hadi nyusi, wakinisalimia kwa jina. Katekista alikuwa na shimo lake. Mkunga alikuwa na shimo lake. Mwalimu mwenzangu niliyesoma naye alikuwa ameacha darasa, anaokota mawe. Alinionyesha kiganja chake na kusema, "Poni, chaki hapana lisha mutu," akarudi ndani.

Ile miti ya mafuta ambayo Mama alikuwa akiokota kokwa zake mlikuwa mmeikata kutegemeza kuta za mashimo. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa na haukuwa na madimbwi tena wala samaki. Unga ulikuwa umepanda bei kwa sababu hakuna aliyelima, wote walikuwa wananunua. Wasichana wawili wa darasa la saba niliowafundisha nyimbo za kanisa walikuwa wanauza pombe kwenye turubai, na mmoja alikuwa na mimba ya mtu aliyekwisha kuhama. Aliniamkia kwa adabu, akapiga magoti kama zamani. Nikamwinua.

Na kinu cha Mama kilikuwa kinatwanga mawe.

Nakumbuka mlio wake, maana nilikijua kinu kile kwa sauti ya simsim. Nilikuuliza ni nini hiki. Ulisema, "Dada, hii ni kinu tu." Halafu jioni ile ile mkatwangia muhogo ndani yake, na ugali ukawa na mchanga. Nilitafuna nikanyamaza. Ulikuwa umefurahi sana kuniona, na sikutaka kuharibu.

Asubuhi yake ulinionyesha ufundi wako. Ulikuwa na zebaki kwenye kichupa cha dawa ya macho, ukaimwaga kidogo kwenye mchanga mweusi, ikakimbia kimbia na kuyakusanya yale mavumbi ya dhahabu hadi yakawa donge dogo la kijivu. Ukakamua donge kwa kitambaa, ukaliweka kwenye kikaango cha Mama, ukawasha moto jikoni. Nilikuambia kafanyie nje. Ukacheka. Ulisema upepo wa nje unaiba. Moshi ulikuwa mwembamba na hauna harufu, ulipanda juu ukaingia kwenye nyasi za paa, na chini ikabaki chembe ya njano ambayo ungeweza kuipoteza chini ya ukucha. Ulinishikisha. Kisha ukasuuza kikaango kwa maji na kunikaangia mayai mawili, kwa sababu nilikuwa mgeni. Niliyala. Najua sasa nilichokula, tulifundishwa baadaye kwenye semina ya walimu, mtu akatuonyesha picha za mikono inayotetemeka. Nilikaa mstari wa nyuma nikaandika kila alichosema kwa mwandiko mzuri.

Sikukuletea daftari lile. Ningeweza kukuletea. Nauli nilikuwa nayo.

Sasa nifike kwenye simu. Watu wanaosoma huko dukani watadhani naandika kukushtaki, na si kweli. Ulinipigia saa za mchana, nikiwa ofisi ya walimu na rundo la madaftari ya darasa la tano. Ulisema, "Dada, Mama iko katikati ya laini." Nikakuuliza laini gani. Ukasema laini ya dhahabu, inatoka mtoni, inapita chini ya shamba la karanga, inaingia chini ya jiko. Mashimo ya watu wengine yameshafika hatua tano kutoka kwake. Ukasema, "Kama sisi hapana toa yeye, watu ya karai natoa. Hao hapana jua yeye ni nani." Nikakuuliza kuhusu wajomba. Ukasema wajomba watataka mbuzi, watataka kikao, watakaa mwezi mzima wakibishana, na ukuta wa shimo la jirani utakuwa umeshaanguka.

Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Nilikuwa nimechoka, na kengele ilikuwa inakaribia. Nilisema, "Fanya unavyoona."

Ndivyo nilivyosema, Kenyi. Maneno mawili. Nimetafuta ndani yake kama kuna "hapana" iliyojificha na sikuipata. Ulikuwa umeniomba ruhusa, na mimi dada yako mkubwa nilikupa, kisha nikaendelea kusahihisha. Kwa hiyo mtu yeyote akikuambia kwamba wewe ndiye uliyemhamisha Mama, mwambie mlikuwa wawili.

Ulifanya Jumapili, watu wakiwa kanisani. Uliniambia mwenyewe ulipokuja Arua juma lililofuata na msalaba umefungwa kwenye boda kwa mpira wa baiskeli. Nilikupa maharage ukala sahani mbili. Nilikumiminia chai ikamwagika kwenye kisahani kabla haijafika mdomoni, nikadhani ni uchovu wa safari. Kikombe cha pili nilikujazia nusu. Mkono wako ulikuwa unacheza wenyewe, ukaushika kwa ule mwingine na kuuweka chini ya meza. Niliona, na sikuuliza.

Ulisema, "Mama iko sawa. Mimi nalipanga yeye vizuri." Ulisema utaujengea msalaba mahali papya mambo yakitulia, nikutunzie. Ulingoja kidogo. Nadhani ulikuwa unangoja niulize mahali penyewe. Swali lilikuwa pale mezani kati ya sahani, na sisi wote wawili tulilitazama. Sikuuliza kwa sababu ningeuliza ningekuwa nimejua, na ningejua ningelazimika kuwaambia wajomba. Nikakuuliza kama unataka chai nyingine.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipokuona.

Nilisikia shimo lako halikutoa kitu cha maana. Nilisikia mvua ilikuja mapema, maji yakajaa, turubai zikakunjwa ndani ya siku nne tu na watu wote wakahamia mahali pengine ambako karai moja ilikuwa imeonekana. Nilisikia ulivuka na kundi la Wakongo. Hukuja kuaga, na sikukutarajia uage.

Mimi nilirudi nyumbani mwishoni mwa muhula uliopita, baada ya kukaa muda mrefu bila kwenda. Nikuambie palivyo, maana hujapaona tangu watu waondoke. Jiko limeanguka ndani ya shimo, paa juu, nyasi zake bado zimefungwa vizuri. Shamba la karanga halipo. Ni mashimo, moja baada ya jingine, mengine yana maji ya kijani na vyura, mengine ni makavu na huoni chini yake. Mbuzi wa jirani alikuwa amefia kwenye moja. Kati ya shimo na shimo kuna njia nyembamba ya kupita mtu mmoja, na udongo wa juu ambao Mama aliutunza kwa samadi miaka yote ile uko chini ya kifusi chekundu ambacho hata magugu hayakipendi. Hakuna anayeligombania shamba letu. Zamani tungesema kaburi la Mama ndilo shahidi kwamba pale ni petu, hata bila karatasi. Sasa hakuna kaburi na hakuna anayedai. Nilisimama pale nikingoja kusikia uchungu. Niliona tu kwamba viatu vyangu vimechafuka.

Nilijaribu kuhesabu hatua nane kutoka mlango wa jiko. Mlango haupo, nitaanzia wapi? Nilianzia hapa, nikaanzia pale, na kila mara hatua ya nane iliishia hewani juu ya shimo.

Kulikuwa na mama mmoja tu aliyebaki, mjane wa kutoka Abuku, anatwanga tena mabaki ambayo wengine waliyatupa. Alikuwa ameketi chini, mawe yake ameyaweka juu ya kipande cha saruji, anayapiga kwa nyundo. Nilimsalimia. Niliketi. Kipande kile kilikuwa na alama kwenye kona, na nilikitazama kwa muda kabla ya kuelewa kwamba ni kiganja. Vumbi la mawe lilikuwa limejaa kwenye vidole. Nilimwomba asogeze nyundo, nikafuta vumbi kwa ncha ya kitenge, nikaweka mkono wangu humo. Ulikuwa na mkono mdogo siku ile kuliko nilivyokumbuka.

Nikamuuliza kama alikuwepo Jumapili ile. Alisema, "Mimi nalikuwa hapa. Mimi hapana mutu ya kanisa." Akasema alikuona ukichimba peke yako, umevua shati. Alisema ulifunika kitu kwa shuka, ukakiweka ndani ya gunia jipya, si gunia la kazi, ukalibeba mikononi hivi, wala si begani, ukaelekea upande wa mto. "Nalienda polepole. Nalikuwa nasema kitu kwa gunia. Mimi hapana sikia." Nikamuuliza ulirudi baada ya muda gani. Akafikiri. Akasema ulirudi watu wakitoka kanisani, mikono mitupu, bila gunia, na siku hiyo hukuingia shimoni tena.

Nilimshukuru. Nilimwachia kipande cha saruji kwa sababu alikuwa anakitumia.

Upande wa mto ni mkubwa, Kenyi. Na baada yako upande wote wa mto ulichimbwa. Nilihesabu mashimo hadi sitini na moja kisha nikaacha, na bado sikuwa nimefika kwenye kivuko.

Habari zilimfikia Mjomba mkubwa sokoni, mtu alimpa pole akidhani anajua. Alikuja hadi shuleni kwangu na fimbo yake. Magoti yake sasa hayakunjiki vizuri. Nilimkalisha kwenye dawati la watoto kwa sababu ofisi ilikuwa imejaa, mguu mmoja ukabaki umenyooka katikati ya njia. Nilidhani atapiga kelele. Aliongea taratibu kama mtu anayeuliza bei.

"Nyinyi nahamisha dada yangu?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Kama gunia ya muhogo?"

Lilikuwa gunia, kweli.

"Mimi nalisema ita sisi kwanza. Kenyi nalisema ndiyo. Wewe naliona."

"Mjomba, Kenyi aliniuliza. Mimi ndiye niliyemwambia afanye."

Alinitazama. Alikuwa ameandaa hasira yake kwa ajili yako, nadhani, na sasa hakujua aiweke wapi. Akauliza, "Sasa dada yangu iko wapi?" Nikamwambia sijui. Akauliza tena, kwa Kilugbara safari hii, lugha ya Mama, ile aliyotuimbia nayo tu tulipokuwa wagonjwa. Nikamwambia tena sijui. Watoto walikuwa wanacheza nje na mmoja akachungulia dirishani, nikamfukuza kwa mkono.

Mjomba alikaa pale kipindi kizima, kengele ikalia na akabaki amekaa. Mwisho akasema, "Mimi hapana enda nyumbani kusema yeye napotea. Watoto yangu nacheka mimi. Kama Kenyi hapana sema, sisi nachukua udongo." Nikamuuliza udongo wa wapi. Akasema, "Ya kila shimo. Konzi moja, konzi moja. Kwa shuka nyeupe. Moja iko na yeye."

Nikamwambia, Mjomba, mashimo ni mengi. Akasema, "Sawa. Mimi naamka mapema."

Watu huniuliza hali yangu nami husema nzuri. Nafundisha. Naandika ubaoni, nafuta, naandika. Nakula ninapokumbuka. Sijalia kwa ajili ya Mama tangu ulipoondoka, na sijalia kwa ajili yako, na si kwa sababu nina nguvu. Ni kama mguu uliokaliwa vibaya: unaugusa, unaona mkono wako umeugusa, na mguu hausemi kitu. Najua utakuja kuuma siku moja damu ikirudi, na nasema kweli kwamba siitamani siku hiyo.

Msalaba uko nyuma ya mlango wa chumba changu. Nilipouweka pale mara ya kwanza niliugeuza jina liangalie ukutani, kwa heshima, au kwa woga. Halafu siku moja nilitoka kazini na mvua imeninyeshea, mikono imejaa, nikatundika mkoba kwenye mkono wake bila kufikiri. Nikakaa kitandani nikautazama mkoba. Nilipaswa kuutoa. Sikuutoa. Tangu hapo ndipo unapokaa, na siku hizi hata koti langu naliweka upande wa pili. Nakuambia hili kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia, na kwa sababu ninyi wote mnaosimama dukani mkisoma mnapaswa kujua kwamba mtu huweza kuzoea.

Kenyi, sikuulizi kuhusu dhahabu. Sikuulizi lini utarudi. Kama mikono yako bado inatetemeka, tafuta hospitali, uwaambie ni moshi wa zebaki, usiwaambie ni malaria. Kama unapika, usipikie kwenye kikaango kile. Hayo ndiyo nilipaswa kukuambia zamani, na yamechelewa, lakini yaandike moyoni.

Ninachouliza ni kile kimoja. Na kama hukumzika, sema pia. Kama njiani kulitokea kitu, kama mtu aliliona gunia akadhani ni mchanga mzuri na likaishia kwenye karai, sema. Nimeshaliwaza hilo, na haliwezi kunifanya chochote zaidi ya nilivyo. Lakini yule mama wa Abuku alisema ulilibeba mikononi na ulikuwa unaongea nalo, kwa hiyo naamini ulimzika. Naamini ulipima. Wewe ni mtoto wa Mama, huwezi kumlaza bila kuhesabu.

Basi nipe hesabu yako. Mtume yeyote mwenye simu anipigie na kuniambia namba tu. Kutoka kwenye jiwe la kufulia la Mama pale mtoni, hatua kadhaa kuelekea kivuko, kadhaa kupanda juu. Jiwe bado lipo, nililiona. Wala usihangaike kuzigeuza ziwe ndefu kama za Mama. Niambie kwa hatua za Kenyi, na mimi nitatembea kwa miguu mifupi hadi nifike.

Usipojibu, Jumamosi ile nitamshika Mjomba mkono tangu asubuhi. Mimi nitashika shuka na yeye atachota, maana amekataa nimchotee, anasema ni dada yake. Atainama kwenye shimo la kwanza, atainuka, tutakwenda la pili. Magoti yake unayajua sasa. Ni zaidi ya sitini na moja, ndugu yangu. Mpunguzie. Niambie shimo moja tu.

Kaa vizuri huko uliko, na ukipita kwenye maji ya mtu, usiyachafue.

Ni mimi, dada yako, niliyesema fanya unavyoona.